Walidhani Wanamvunja Malkia

Wiki iliyopita nilikuwa Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Kiongozi wetu wa watalii alitusimamisha kwenye uwanja mmoja karibu na mto Danube, akatuambia kwamba zamani hapo palikuwa na sanamu kubwa ya Maria Theresa, malkia wa Hungaria, na kwamba askari waliivunja mwaka 1921. Akatueleza habari za malkia, za askari, za mipaka iliyohama baada ya vita. Nikamuuliza: nani aliichonga? Akatazama saa yake, akasema twendeni, muda unatubana.

Jambo hilo limenikaa rohoni tangu siku ile.

Aliyeichonga ni János Fadrusz. Alizaliwa katika mji huohuo mwaka 1858, ulipokuwa ukiitwa Pozsony na ukiwa sehemu ya Hungaria, kwenye nyumba ya watu maskini. Alianza kama mwanagenzi wa fundi kufuli. Akaenda shule ya kuchonga mbao, akatumikia jeshi, na alipopata msaada wa fedha wa kwenda kusoma Vienna kwa mchongaji Viktor Tilgner, na baadaye kwa Edmund Hellmer, alikuwa anakaribia miaka 30. Jina lake lilivuma kwa sanamu ya Kristo msalabani, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Inasimuliwa kwamba alijifunga mwenyewe msalabani akapigwa picha, ili aone misuli inavyovutika mwili wote unaponing'inia kwenye mikono. Mimi naiamini habari hiyo. Mtu aliyekulia kwenye karakana hawezi kuchonga uzito ambao hajaubeba.

Ndipo mji wake ukampa kazi ya malkia. Maria Theresa alitawazwa hapo Pozsony mwaka 1741, na Fadrusz akamchonga juu ya farasi, kwa marumaru ya Carrara, Italia, huku mtu mmoja amesimama kila upande wake. Ilizinduliwa Mei 1897 mbele ya Mfalme Franz Joseph. Hebu fikiria: mtoto wa maskini, aliyewahi kuchonga kwa tupa funguo za watu, anaona kazi ya mikono yake inafunuliwa mbele ya mfalme katika mji aliozaliwa.

Miaka 24 baadaye, mwishoni mwa Oktoba 1921, mfalme aliyeondolewa, Karl, wa ukoo wa malkia yule, alipojaribu kurudi kwenye kiti chake Hungaria, askari wa Chekoslovakia, nchi iliyokuwa imeuchukua mji baada ya vita, waliifunga ile sanamu kamba, wakaiangusha na kuivunjavunja.

Najua hoja yao. Waslovakia walibanwa na serikali ya Hungaria kwa miaka mingi, lugha yao ikasukumwa nje ya shule, na sanamu ile iliwekwa hapo makusudi ili kuwaambia nani mwenye nchi. Hilo nalikubali, ingawa kwa shingo upande. Wangeweza kuiondoa. Wangeifungia ghalani, wangeizika ardhini hata miaka mia. Lakini nyundo! Marumaru ikishapasuka haiyeyushwi ikamiminwa upya kama shaba. Malkia hakuumia, alikuwa amekufa mwaka 1780. Aliyepigwa nyundo ni yule mwanagenzi wa fundi kufuli, mtoto wa mji uleule, na miaka aliyoitumia kulibembeleza jiwe mpaka likawa shingo ya farasi.

Kinachoniuma zaidi ni sanamu yake iliyosalimika. Nenda Cluj, Romania, mji ambao Wahungaria huuita Kolozsvár. Matthias, mfalme wa Hungaria wa zamani, yuko pale mbele ya Kanisa la Mtakatifu Mikaeli, juu ya farasi, na chini yake wamesimama majemedari wanne. Mfano wake ulipata tuzo kuu kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, na sanamu yenyewe ikazinduliwa mwaka 1902. Mji ulipoingia mikononi mwa Romania, sanamu ilibaki. Kwa nini? Ukisikiliza mabishano yaliyoizunguka hadi miaka ya 1990, watu wanagombea damu ya mfalme: baba yake, Hunyadi, alikuwa na asili ya Kiromania au la? Bamba la msingi wake limewekwa na kubadilishwa kwa ajili ya ugomvi huo. Kwa hiyo hata pale ilipopona, iliponywa na ukoo wa aliyepanda farasi. Huyo farasi mwenyewe, jinsi alivyosimama kwa utulivu wa kutisha, hakuna anayemgombea.

Fadrusz alikufa Budapest mwezi Oktoba 1903 kwa maradhi ya mapafu. Alikuwa na miaka 45, mwaka mmoja tu baada ya Matthias kuzinduliwa. Sanamu yake ya mwanasiasa Lajos Tisza, kule Szeged, Hungaria, ilizinduliwa mwaka 1904 yeye akiwa kaburini.

Kristo wake yuko Szeged pia, katika kanisa kuu. Nimeshakata tiketi ya treni. Nataka kusimama karibu kabisa, niitazame ile mikono.