Mguu wa Mzungu

Raba zile nilizinunua soko la mitumba la Karume, Jumamosi alfajiri, belo ndiyo kwanza linakatwa kamba. Muuzaji alianzia 60,000. "Namba moja hii, bosi. Haijakanyaga vumbi, bado inanukia ndege." Tukavutana mpaka 35,000. Cha kulia kilinikaa kama nilizaliwa nacho. Cha kushoto, kisigino kilitaka kuchomoka kila nikipiga hatua. "Hiyo soksi tu, bosi," akasema, akainama akanifunga kamba mwenyewe mpaka vidole vikafa ganzi. Nikalipa.

Chanzo cha yote ni shemeji. Siku ya Idi nanawa mikono niliendee pilau, akanitazama tumbo, akauliza mbele za watu kama na mimi natarajia. Kwa hasira nikautangazia ukoo mzima kwamba mwakani nakwenda Moshi, kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Mimi huyu, kilo 92, niliyekimbia mara ya mwisho kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi, na hata huo nilikuwa naukwepa kwa kujitolea kumchotea mwalimu maji.

Nikajiunga na kikundi cha jogingi. Tunatoka saa kumi na moja na nusu, tunapita Coco Beach, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunageuza. Wiki ya kwanza nusura niteme mapafu. Wiki ya tatu nikaanza kuwapita wazee. Wiki ya nne nyonga ya kushoto ikaanza kuniambia jambo, taratibu, kama mwenye nyumba aliyekuja kukumbushia kodi. Wiki ya tano maumivu yameshuka hadi ubavuni mwa goti, na hapo mwenye nyumba hakumbushii tena, anatoa vyombo nje.

"Kaka," kiongozi wetu akaniambia, "unakimbia kama daladala iliyokatika springi upande mmoja." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tukapiga picha darajani. Nyaya za daraja zimenyooka, wenzangu wamenyooka, mimi nimelalia kulia kama mnazi wa ufukweni. Nikailaumu simu.

Basi yakaanza matibabu, na Dar es Salaam hakuna asiyekuwa daktari. Mama anayechua misuli alikuja na mafuta ya karafuu, akasema kuna mshipa umehama, akautafuta kwa kiwiko saa nzima. Sidhani kama aliupata. Kelele zangu majirani walizipata. Wazee wa bao pale kwenye mwembe wakanibatiza Akhwari. Jina zuri, ila halinihusu. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu, alianguka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti likaumia, akaendelea na bendeji yake mpaka akamaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Mimi sijaanguka, sijamaliza, na Mexico naisikia redioni.

Mtu mwingine akanishauri barafu. Nyumbani barafu iliyokuwepo ni zile za ubuyu, za kwenye vifuko, mke wangu anawauzia watoto wa mtaani. Usiku nikawa nazipanga nyongani, moja, mbili, tatu, zikianza kulegea nazirudisha kwenye friza nachukua nyingine. Naomba niishie hapo. Watoto walinunua, hakuna aliyelalamika.

Mama mkwe, kwa simu kutoka Tanga, hakutaka hata maelezo marefu. "Huyo kakanyaga kitu," alimwambia mwanawe. "Kategewa." Nikacheka, nikamwambia mke wangu hiyo ni sayansi ya kale.

Mwishowe nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo tu, umri wa kuniita baba. Akanilaza kitandani, akatoa futi kama ya fundi cherehani, akanipima kuanzia mfupa wa nyonga unaochomoza mbele hadi kifundo cha ndani cha mguu. Kulia. Kushoto. Akarudia.

"Baba, miguu yako iko sawa kabisa."

Nikamshukuru Mungu.

"Simama." Akachutama nyuma yangu, mikono juu ya nyonga zangu, kushoto na kulia. "Vizuri. Sasa vaa viatu unavyokimbilia." Nikavaa. Kimya. "Vua." Nikavua. "Vaa tena." Nikajiona mtoto anayenunuliwa viatu vya shule. Kisha akakichukua kile cha kushoto, akazamisha mkono kama anayetafuta chenji iliyopotea kwenye pochi, akang'oa soli ya ndani. Chini yake kulikuwa na soli nyingine. Si soli hasa, ni kipande kigumu, nyuma kinene kama kidole, kinakwenda kikipungua hadi kinaishia katikati ya unyayo. Akakipima: sentimita moja na ushee. Kimeandikwa kwa kalamu herufi moja, L.

"Mwenye hiki kiatu," akasema, "mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi. Walimtengenezea hiki ili nyonga zilingane."

Yaani kuna Mzungu mahali fulani alipimwa, akalipia, akanyooka, na mimi kwa wiki tano nimekuwa nikimkimbilia mguu wake. Yule binti akanieleza kwamba tofauti ya milimita chache watu wengi wanayo na hawaijui. Mimi sentimita nzima niliipata siku moja, kwa 35,000.

Akaniuliza nakimbia muda gani. Dakika 40. Akanihesabia hatua kwa saa yake, zikatoka 160 kwa dakika. "Hatua 6,400. Mguu wa kushoto peke yake 3,200. Na kila ukitua, ardhi inakurudishia uzito wako mara mbili hadi tatu." Akaangalia fomu yangu. "Kilo 92..."

"Hiyo mizani yenu imezidisha," nikamwahi.

Nilipotaja barafu alitabasamu. Akasema Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeutangaza ushauri huo wa barafu mwaka 1978, mwenyewe aliandika mwaka 2014 kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona. Habari hiyo nyumbani sikuifikisha.

Kazi aliyonipa: kulalia ubavu wa kulia na kuinua mguu wa kushoto polepole, mpaka msuli wa nyonga upate adabu; na nikirudi barabarani, dakika moja kukimbia, mbili kutembea. Nikatoka pale bila kile kipande kiatuni. Cha ajabu, upande wa kushoto nikawa kama natumbukia shimoni kila hatua, nikafika kituoni nachechemea upya, safari hii upande wa pili.

Karume nilirudi nacho mfukoni. Muuzaji akakipindua, akakibonyeza, akasikitika kwa dhati. "Kumbe vilikuwa spesho! Ungeniambia, nisingekuachia kwa bei ile."

Jioni mke wangu akampigia mama yake, akaweka sauti nje.

"Mama, kweli alikanyaga kitu. Kilikuwa ndani ya kiatu."

"Si nilisema? Kina maandishi?"

"Kina herufi. L."

Kimya kirefu Tanga. Kisha nikasikia mama mkwe anaanza kuwataja ndugu zangu, mmoja mmoja, kwa majina. Shangazi yangu wa Korogwe mpaka leo anashangaa kwa nini salamu zake hazijibiwi.