Pweza wa kijijini kasimamishwa getini

Nimerudi kutoka Unguja na familia, na kila ninayekutana naye ananiuliza hoteli ilikuwaje. Nawajibu ilikuwa nzuri, na kweli ilikuwa nzuri, ila kuna jambo limenikaa rohoni na nisipoliandika sitapumua vizuri.

Tulikuwa Kiwengwa, kijiji cha pwani ya mashariki, hoteli ya zile za kulipa mara moja kila kitu ndani: chumba, misosi, vinywaji, michezo ya watoto, unafika mapokezi unavalishwa bangili ya plastiki na huulizwi tena hela mpaka unaondoka. Tulienda na mama mkwe. Yeye kazaliwa Pangani, mtu wa bahari, huwezi kumweka bustanini na soda akatulia. Basi siku moja asubuhi ilikuwa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yamekupwa mpaka huko mwambani, kina mama wa kijiji wako mbali wanaonekana wadogo wadogo wameinama na vijiti vyao wanatafuta pweza. Mama mkwe akafunga kanga yake vizuri, akashuka ufukweni, akapotea. Maji yalivyoanza kujaa wale kina mama wakarudi nchi kavu, akanunua pweza mmoja kwao, akampelekea mama mwingine anayepika pale kijijini kando ya njia, wakampiga yule pweza mpaka akalainika, wakamchemsha, wakamtia nazi na ndimu, huku stori zinaendelea kama wamesoma madrasa moja. Alasiri ndo anarudi, bakuli mkononi limefunikwa na sahani, kapitia njia ya kijijini, kawaletea wajukuu zake.

Getini mlinzi akamsimamisha. "Shikamoo mama. Samahani sana, chakula cha nje hakiruhusiwi kuingia."

Akamjibu, "Marahaba mwanangu. Huyu si wa nje, kavuliwa hapo mbele yenu."

Yule kijana akaangalia chini. Akasema, "Najua mama, hata mimi kwetu hapo hapo kijijini, lakini ndo tulivyoambiwa."

Nikaitwa, nikaenda, nikaomba kwa ustaarabu, akaja msimamizi, akasema ni suala la usalama wa chakula, wageni wakiumwa tumbo hoteli ndo inalaumiwa. Mwisho mama mkwe akakaa zake chini ya mkungu nje ya geti na sisi wote tukamfuata, tukala pale na mikono yetu. Mlinzi tukamkaribisha, akashukuru, akasema yuko kazini. Pweza alikuwa mlaini, nazi nzito, chumvi yake sawasawa, na mwanangu wa pili ambaye ndani kwenye bufee alikuwa anakula chipsi tu siku nzima, pale alilamba bakuli.

Sasa, simlaumu yule kijana. Na hiyo hoja ya usalama naielewa, nusu. Hoteli hiyo hiyo ina ubao pale mapokezi wa kutangaza safari ya jioni Forodhani, ile bustani ya mjini yenye vyakula vya usiku, wageni wapelekwe wakale mishikaki na urojo wamesimama barabarani. Kwahiyo chakula cha Mzanzibari ni salama kikiuzwa kama safari, kikibebwa na bibi kwenye bakuli ndo kinakuwa hatari? Hapo ndo wameniudhi.

Lakini pweza ni dalili tu. Kinachonikera ni huu mtindo wenyewe wa kulipia kila kitu kabla hujafika. Mtu akishalipa chakula cha mchana akiwa Milan au Warsaw, halipi tena chakula cha mchana Kiwengwa. Wala si roho mbaya, ni hesabu ya mfukoni, hata sisi tuliotoka Dar tulikuwa hivyo hivyo, mume wangu aliona mama anauza chapati na samaki wa kukaanga akasema "ah si tumeshalipia kule". Ndo hivyo. Mamia ya watu wanalala kando ya kijiji, wanakula mara tatu kwa siku, wanakunywa mpaka usiku, na yule mama wa chapati anauzia watu wale wale wa mtaani kwake kama vile hakuna hoteli. Muuza madafu hivyo hivyo. Mwenye ngalawa labda apate wawili watatu, kama papasi, wale madalali wa ufukweni, hawajamuwahi. Hela ya mgeni inamfikia mwanakijiji kwa mshahara tu, na mshahara ni wa aliyeajiriwa, na nilivyokuwa naongea na wahudumu wengi walikuwa wa bara wenzangu na wengine Wakenya. Sina ubaya nao, kila mtu anatafuta. Nasema tu kijiji kimetoa ufukwe, kinaishi na mageti na kuta, basi japo chakula cha mchana kimoja kingekifikia.

Na wanaoumia zaidi ni kina mama. Pwani ile ya mashariki wanawake wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ndo hela yao wenyewe iliyojenga nyumba na kusomesha watoto. Sasa ule mwani wenye bei, cottonii, haustahimili maji yalivyopata joto siku hizi, unaoza, wengi wamebaki na spinosum ambao unakaa lakini bei yake chini. Mama aliyempika pweza wetu alikuwa mkulima wa mwani, akaacha, akahamia kwenye kupika. Ana masufuria, ana mkono mzuri kuliko mpishi yeyote wa kule ndani, maji ya kunawa kayaweka kwenye ndoo yenye koki na sabuni pembeni. Na ana juisi ya bungo. Jamani. Kaiweka kwenye chupa za maji zilizooshwa, rangi ya machungwa iliyokolea, ina ule uchachu unaokufumbisha jicho moja halafu utamu unakuja nyuma yake taratibu. Ndani hotelini tulikuwa tunakunywa juisi ya boksi kutoka kwenye mashine, matufaha yamepangwa piramidi, nanasi lipo kweli lakini bungo hamna, ukwaju hamna, shokishoki hamna. Kisiwa kinanuka karafuu na matunda, halafu mtoto anarudi Dar anawaambia wenzake Zanzibar kuna pitsa.

Hili la watoto ndo linaniuma kuliko hata hela. Tumewapeleka Unguja, na kama si bibi yao wangeishia bwawani. Siku ya pili yake aliwachukua maji yalipokupwa, kawavalisha viatu kwa sababu ya miiba ya baharini, akawaonyesha kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, akawaonyesha tundu la pweza linavyojulikana kwa yale magamba anayoyatupa mlangoni baada ya kula, akawaambia mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu ndo bahari inakwenda mbali na kurudi kwa nguvu, siku za katikati maji ni mafu, hayaendi popote. Hapo hapo kwenye viti vya kujilaza kuna wageni walikuwa wanalalamika mapokezi kwamba bahari imeondoka na wao wamelipia bahari. Hakuna aliyewaeleza! Ukienda pwani ya mashariki angalia mwezi kabla hujalipa, na usiichukulie bamvua kama hasara, asubuhi ile ndo ilikuwa bora kuliko zote.

Haya, nikubali na yale ya kukubali. Mzazi mwenye watoto wadogo anahitaji kupumzika, na mtindo huu unampumzisha. Unajua gharama yote kabla hujatoka nyumbani, hakuna mtoto wa kukuvuta gauni kila dakika mama ninunulie, hakuna kufikiria jioni tunakula nini. Nililala mchana, kitu ambacho sikumbuki lini nilifanya. Hoteli zinalipa kodi pia, na Zanzibar imepokea watalii zaidi ya laki saba mwaka 2024, sijafumba macho kwa hilo. Masika bei kwa wakazi zinashuka mpaka na sisi tunaweza.

Na huu mtindo haukuanza kwa nia mbaya. Mwaka 1950 yule Mbelgiji Gérard Blitz alipoanzisha kambi ya likizo ya Club Med kule Alcúdia, kwenye kisiwa cha Mallorca, Hispania, ilikuwa mahema, watu wa Ulaya wametoka vitani wamechoka, lengo lilikuwa walale, wacheze, wale pamoja meza moja, na baadaye vinywaji wakawa wanalipa kwa shanga za shingoni badala ya noti. Jamaika ikaja ikaupanua, mfanyabiashara Butch Stewart akafungua hoteli ya Sandals pale Montego Bay mwaka 1981. Leo hao hao Mallorca ndo wanaubana: tangu 2020 kule Magaluf na maeneo mengine machache ya visiwa vile, mgeni wa kila kitu ndani anapewa pombe sita kwa siku, tatu na chakula cha mchana na tatu na cha usiku.

Kuna watakaosema basi tupige marufuku. Gambia walijaribu. Mwaka 1999 serikali ikakataza kabisa, kwa sababu ile ile ninayoilalamikia, wenye migahawa na teksi na vibanda walikuwa wanakufa njaa nje ya mageti. Mwaka uliofuata wakaiondoa amri, kampuni za Ulaya za kuuza safari zilikuwa zimelalamika na nchi ndogo inayotegemea ndege zao ingefanyaje. Kwahiyo marufuku sitaki. Ukimkatalia mwenye ndege anapeleka abiria wake kwingine na wa kwanza kukosa kazi ni yule yule kijana wa getini.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Kila pakeji iwe na mlo mmoja wa kijijini ndani yake. Mgeni akifika, pamoja na bangili apewe tiketi, mchana mmoja wowote akale kwa mama fulani au mama fulani, hoteli imlipe yule mama kila wiki. Bei ya mlo ule tayari iko ndani ya hela ya mgeni, hoteli haipotezi kitu, siku hiyo sahani yake haipo kwenye bufee. Wanaogopa matumbo ya wageni? Wampeleke mpishi wao akakae na wale kina mama siku mbili, wakubaliane maji yanachemshwaje, barafu inatoka wapi, samaki anakaa muda gani juani. Kina mama wenyewe watataka, nani anakataa wateja wa uhakika? Na samaki wanunuliwe hapo dikoni, wavuvi wanaposhushia samaki, kwenye mnada kabla ya kuagiza kwingine. Kamisheni ya Utalii inaweza kuliweka hili kwenye masharti ya leseni, Serikali ya Zanzibar imekuwa na msemo wake wa Utalii kwa Wote, basi hapa ndo pa kuuonyesha. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, hoteli zimekodishwa tu, kwahiyo kuomba mlo mmoja si kuomba hisani.

Na la geti liishe leo leo, halihitaji Kamisheni. Bibi akija na bakuli la chakula cha wajukuu zake, apite. Aandikishe kwenye daftari kwamba kaleta mwenyewe na akiumwa halaumu mtu, apite.

Kwetu sisi watalii wa ndani pia nina neno. Kulikuwa na familia nyingine ya Dar pale, watu wazuri, tulizoeana, nikawaambia twendeni kijijini jioni, dada akanijibu "kuna nini huko?" Dada yangu, kuna watu! Kuna lugha yetu inayozungumzwa kwa utamu ambao sisi wa Kinondoni hatuna, kuna watoto wanacheza mpira mchangani na wanangu waliingia timu bila kuulizwa jina, kuna mzee anashona nyavu ambaye mume wangu alikaa naye mpaka magharibi akakosa bufee na hakujali. Mzungu anaweza kuogopa kutoka kwa sababu haelewi lugha na kampuni imemtisha. Sisi tunaelewa kila neno, tunatoa salamu tunaitikiwa, kwanini tujifungie?

Panapo majaliwa likizo ya Disemba tunarudi Unguja, safari hii Jambiani, kijiji kingine cha pwani ya mashariki, chumba na chai ya asubuhi tu, mchana na usiku tutakula kwa watu. Tunakuwa wengi, watu wazima na watoto, na mama mkwe lazima awepo. Kama unamjua mama anayepika maeneo yale na angependa kutupokea kwa muda huo, niachie namba yake kwenye ujumbe, nitampigia mwenyewe tukubaliane bei.