Malalamiko ya Wajane na Asili ya Kanisa

Ugomvi kuhusu asili ya kanisa huanzia Mathayo 16:18, pale Yesu anapomwambia Petro kwamba juu ya mwamba huu atalijenga kanisa lake. Wakatoliki husema mwamba ni Petro, na maaskofu wa Roma ni warithi wake. Waprotestanti wengi hujibu kuwa mwamba ni ile imani aliyoikiri, au ni Kristo mwenyewe. Kwangu mchezo wa maneno hapo hauna kificho: Kefa, jina la Petro kwa Kiaramu, maana yake ni mwamba. Ila kukiri hivyo hakumlazimishi mtu kukubali yote yaliyojengwa juu yake baadaye, kwa kuwa mstari wenyewe haumtaji mrithi yeyote.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakidai Yesu hakukusudia kabisa dini yenye ofisi na vyeo. Hawa nao wana la kushika. Katika Injili zote nne, neno kanisa limo katika Mathayo tu, sura ya 16 na ya 18. Kwa Kigiriki ni ekklesia, neno lililotumika kwa mkutano wa raia walioitwa kuamua mambo ya mji. Hata hili letu la Kiswahili, lililotufikia kupitia Kiarabu, chimbuko lake ni neno la Kiaramu la kukusanyika. Jengo halimo. Waumini wa kwanza walikutana majumbani. Paulo, akiwaandikia Warumi, analisalimu kanisa lililomo nyumbani mwa Prisila na Akila.

Kutoka hapo husimuliwa hadithi tunayoijua: palikuwa na udugu mtupu, kisha mwaka 313 Konstantino, mfalme wa Roma, akaupa Ukristo uhuru, vyeo vikaingia, mambo yakaharibika. Ni hadithi tamu, lakini tarehe zinaikataa. Ignasio, askofu wa Antiokia mwanzoni mwa karne ya 2, tayari anawasihi waumini wasifanye neno lolote la kanisa pasipo askofu. Wakati huo Wakristo waliuawa kwa imani yao, na Ignasio mwenyewe aliandika akiwa mfungwa njiani kwenda Roma. Cheo cha namna hiyo hakikuletwa na mfalme.

Tena kuna kisa cha zamani kuliko hicho, nami nashangaa hakitajwi sana. Matendo 6 inaeleza kwamba Wayahudi wenye kusema Kigiriki walinung'unika kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume wakaitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba. Basi mojawapo ya ofisi za kwanza za kanisa ilizaliwa na malalamiko ya chakula! Anayedai muundo ni uchafu uliotoka nje amejibiwa hapo. Lakini na anayeutukuza muundo hawezi kutoka salama, maana wale saba hawakuwekwa ili waheshimiwe. Waliwekwa ili wajane wapate kula.

Kwa hiyo swali la asili linageuka kuwa swali la kazi: kanisa ni la nini kwa muumini? Sipriano, askofu wa Karthago katika karne ya 3, aliandika kwamba nje ya kanisa hakuna wokovu. Kauli hiyo imetumika vibaya mara nyingi, kama rungu la kuwatisha wanaohoji viongozi. Upande wa pili yuko anayesema, "Mimi na Mungu wangu tunatosha," na mara nyingi si kiburi kinachomsemesha. Ameumizwa mle ndani. Simlaumu. Hata hivyo mambo manne ya Matendo 2:42, yaani fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na sala, angalau mawili ya katikati hayafanyiki na mtu mmoja.

Kuhusu kuumizwa, Wakorintho, waumini wa mji wa Korintho, hawana wa kuwafunza. Katika mlo wao wa pamoja mmoja alikaa na njaa huku mwingine akilewa, na Paulo akawaambia waziwazi kwamba wanakusanyika si kwa faida bali kwa hasara. Angeweza kuuvunja mkutano ule, kila mtu akasali kwake. Mwenye njaa alimwambia ale nyumbani, lakini mkutano hakuuvunja. Agizo alilowapa lina neno moja: mngojane.