Swali la pendulamu limenikosesha usingizi

Jana binti yangu karudi toka shule ya huku ughaibuni na mtihani wa fizikia, nikausoma nimesimama mlangoni hata koti sijavua. Makundi mawili yamepima muda wa pendulamu ya mita moja, yaani kitu kilichoning'inizwa kwa uzi kinabembea. La kwanza limepima kwenda na kurudi mara moja, likapata sekunde 2.1, 1.8, 2.2. La pili limehesabu mara 20 halafu likagawa, likapata 2.01, 2.00, 2.02. Unaamini vipimo vya nani, kwa nini, na ungekuwa wewe ungefanya nini baada ya hapo? Basi. Hamna "tafuta g", ile namba ya mvutano wa dunia.

Sisi nyumbani tulimeza, mnajua wenyewe. Fomula ya pendulamu naijua hadi leo, ila ungeniuliza kwa nini tunahesabu mara 20 ningekujibu mwalimu kasema, kumbe ni kwamba kosa la kubonyeza saa linagawanywa kwa 20.

Najua kuna mtu ashaanza, "huyu kakaa ughaibuni kidogo tu anatudharau." Sidharau ndugu yangu! Rafiki zake binti yangu ninaowasaidia hesabu hapa kugawa bila kalkuleta ni kazi, wetu milinganyo wanaichezea watakavyo, na ndiyo maana inaniuma, vichwa tunavyo halafu mtihani unapima kumbukumbu.

Mwingine atasema darasa limefurika, nani asahihishe maelezo yote hayo? Hata maswali ya kuchagua yanaweza kupima fikra. Mwaka 1992 mwanafizikia Hestenes na wenzake huko Marekani walitoa mtihani wa mekanika, yaani nguvu na mwendo, usio na hesabu za kukokotoa, majibu ya makosa yametoka kwenye fikra za wanafunzi wenyewe. Lori limegongana na gari dogo, lipi limemsukuma mwenzake kwa nguvu zaidi? Wengi wanachagua lori, kumbe nguvu ni sawasawa. Profesa wa fizikia Eric Mazur alipowapa wanafunzi wake mtihani wa aina hiyo mmoja akamuuliza ajibu alivyofundishwa au anavyofikiri mwenyewe, na hapo ni Harvard jamani.

Kwa hiyo anza na swali la wazi, okota makosa yanayojirudia, yageuze kuwa machaguo. Yale ya kujieleza walimu wawili wasahihishe karatasi zilezile kila mtu kivyake, maksi zikipishana sana basi mwongozo ndio mbovu, msimlaumu mtoto.

Kaka yangu anafundisha nyumbani, nikamtumia lile swali usiku uleule. Leo kawapa darasa lake. Yule anayeshika namba moja kila muhula kaandika mstari mmoja: kundi la pili, kwa sababu lina desimali nyingi. Nimemwambia kaka asiitupe hiyo karatasi, tayari tumepata chaguo B, lile la makosa.