Kikundi kisichojua siku yake ya kufa

Ijumaa simu ikaita mlio wa kile kikundi chetu, baada ya ukimya wa miezi minne. Nikaacha chai. Kufungua: picha ya waridi na "Ijumaa Karim". Chini yake, tangazo la kiwanja Kigamboni.

Hiki ndicho kikundi cha kuoanisha majina ya kata na mitaa ili mifumo yetu isomane. Wataalamu 64, wote wa kujitolea. Wenyeviti wenza watatu. Nembo tunayo, tuliibishania wiki tano. Ila Kijitonyama na "Kijito Nyama" kwenye kompyuta zetu bado ni mahali pawili.

Watasema tatizo ni posho. Posho ingejaza viti na kumaliza soda, basi. Kilichotumaliza ni kwamba hakuna aliyewahi kutuambia tunamaliza lini.

Waangalieni IETF, wanaoandika kanuni za intaneti tangu 1986. Hawana kadi ya uanachama wala hawapigi kura. Mwenyekiti akitaka kujua upepo unakovuma, ukumbi mzima unaguna naye anasikiliza. Watu husimulia kuguna huko kama kichekesho. Mimi nawapendea ukatili. Ukiweka rasimu, una miezi sita. Usipoigusa, muda wake umekwisha, haijalishi wewe ni nani na ulikuwa umesafiri wapi. Kikundi kazi hakianzi bila hadidu za rejea zinazosema kitatoa nini na kwa hatua zipi. Kikimaliza, kinafungwa. Kikizubaa, kinaweza kufungwa vilevile. Na hakuna tanga! Wenye hamu ya kazi wanahamia kikundi kingine, kazi inaendelea.

Sisi je? Kufunga kikundi kwetu ni kumzika mzee aliyekianzisha, naye yuko hai anatutazama. Kwa hiyo tunanyamaza, kila baada ya muda mmoja anaandika "tuko pamoja wakuu", na wale wanne waliokuwa wakifanya kazi kweli wanajitoa usiku wa manane, kimyakimya.

Haya, nakubali: wengi wa hao wa IETF wanalipwa mishahara na kampuni kama Cisco na Google, kwa hiyo kujitolea kwao kuna mto wa kuegemea. Na tarehe peke yake haiharakishi kitu. TLS 1.3, kanuni yao ya kulinda mawasiliano ya intaneti yasisomwe njiani, ilipita rasimu 28 ndipo ikachapishwa Agosti 2018. Lakini jamani, rasimu 28! Sisi tunayo moja, na ukurasa wake wa pili umeandikwa "itaendelea".

Basi juzi nikaandika, maana admini ni mimi: tumalize Kinondoni peke yake kufikia tarehe 30 mwezi ujao, la sivyo nakifunga. Wamesoma 41. Mmoja kanijibu kwa kidole gumba. Mwingine anauliza kama kile kiwanja bado kipo.