Hiyo baa haikujengwa imepinda

Mwandishi, umeandika kwamba The Crooked House (yaani Nyumba Iliyopinda), baa ya Himley, Staffordshire, Uingereza, ilijengwa upande kusudi ivutie wanywaji. Hapana bwana. Ilikuwa nyumba ya shamba ya mwaka 1765, imesimama wima kama nyingine. Walioiponza ni wachimba makaa ya mawe chini yake: ardhi ikatitia, upande mmoja ukashuka karibu mita 1.2 kuliko wa pili. Watu badala ya kuikimbia wakaifanya baa!

Utamu wake ulikuwa gololi. Unaiweka mezani, unaiona inapanda mlima yenyewe, na bia hujaigusa bado. Kumbe inateremka tu, ila kuta na madirisha yamelala hivyo jicho linadanganyika.

Miaka ya 1940 iliponea chupuchupu kubomolewa, kampuni ya bia ikaikaza kwa vyuma na nguzo za matofali. Halafu Agosti 2023 ikaungua usiku wa tarehe 5, na tarehe 7 katapila likaimaliza, kibali hakuna. Halmashauri ikaamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa. Sasa hapo ndipo nacheka peke yangu: fundi gani atashika timazi ahakikishe ukuta umepinda sawasawa?