Furaha Haichaguliwi Saa Nane ya Usiku

Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: machweo, mtu kakunja miguu juu ya mwamba, na chini yake maandishi, "Furaha ni uchaguzi. Ichague leo." Sina ugomvi na machweo. Tazama tu saa iliyoandikwa pembeni ya ujumbe: 02:17. Asubuhi yake, huyo huyo aliyeituma anagombana na konda kwa shilingi mia, keshamfokea mtoto kwa kupoteza kiatu kimoja, na ikifika saa nne anaweka nyingine: "Usilale, wenzako wanatafuta."

Achague moja, jamani.

Mtazamo wa mtu asubuhi huwa umeshapikwa usiku. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwakesha vijana kwa takriban saa 35, kisha wakawaonyesha picha za kuudhi huku wakiupima ubongo wao. Amigdala, ile sehemu inayoshtuka na kuwaka mtu anapoona tishio, iliwaka kwa asilimia 60 zaidi kuliko ya wenzao waliolala. Mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "tulia, ni kiatu tu", yalikuwa yamelegea. Mtu wa namna hiyo hata umtumie machweo kumi, atamgombeza aliyeyatuma.

Halafu wapo wa "mimi saa tano zinanitosha". Hawa ndio wananitoa jasho. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Chuo Kikuu cha Pennsylvania ambamo kundi moja lililazwa saa sita tu kila usiku kwa siku 14. Si saa tatu, sita! Mwisho wa wiki mbili umakini wao ulikuwa umeshuka hadi kufanana na wa mtu aliyekesha usiku mzima, na walipoulizwa wakasema wanasikia usingizi kidogo tu. Yaani kichwa unachojipimia ndicho hicho hicho kilichoharibika. Ndiyo, kuna watu wachache sana waliozaliwa na vinasaba vya kulala muda mfupi bila madhara. Wewe unayesinzia kwenye daladala mdomo wazi mpaka unapitilizwa kituo, kwa heshima zote, si mmoja wao. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi.

Sasa, watu wakiamua kulala vizuri hukosea hatua ya kwanza: wanapanga saa ya kulala. Wanazima taa saa tatu, wanageuka kama chapati hadi saa sita, kesho yake wanatangaza kuwa ushauri haufai. Usingizi hauitwi kwa amri. Kilicho mikononi mwako ni saa ya kuamka, kwa hiyo anzia hapo. Chagua moja, tuseme saa kumi na mbili, na uishike siku zote saba, Jumapili ikiwemo. Ukilala hadi saa nne Jumapili umechelewa kuamka kwa saa nne na umeisogeza mbele saa ya mwili wako, ndiyo maana usiku wa kuamkia Jumatatu unakodoa macho kwenye dari.

Ukishaamka, toka nje. Saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa ya mwili ina tabia hiyo hiyo: mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndipo hesabu inapoanza, na baada ya saa kama 14 hadi 16 mwili unaanza kudai godoro. (Waliofumbua jinsi chembe hai zinavyoitunza saa hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2017.) Tunaoishi karibu na ikweta tuna bahati tusiyoithamini, kwani kuchomoza kwa jua hakupishani hata saa nzima mwaka mzima. Wa Ulaya wananunua taa maalumu za kujimulika msimu wa baridi. Wewe unahitaji dakika 10 hadi 20 za kufagia uwanja au kutembea hadi kituoni bila kofia.

Ikiwa kwa sasa unalala saa saba usiku na unataka saa tano, usiruke. Rudisha dakika 15 kila baada ya siku mbili tatu. Usingizi ukigoma, usibaki kitandani ukibishana nao. Baada ya dakika kama 20, kwa kukadiria na si kwa kutazama saa, inuka, kaa kwenye kiti penye mwanga hafifu, fanya jambo lisilosumbua akili kama kuchambua mchele au kukunja nguo, urudi kope zikiwa nzito. Ikibidi, rudia. Na saa ya kuamka haibadiliki hata kama ulilala saa tatu tu. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: usiku wa tatu wanajihurumia, wanalala hadi saa tano asubuhi, na kazi yote inaanza upya. Upe mwili wiki mbili hadi nne. Maana ya zoezi hili ni kukifundisha kichwa kwamba kitanda ni cha usingizi na mambo ya ndoa, si baraza la kuhesabu madeni.

Madeni yenyewe yaandike. Chukua karatasi, dakika tano kabla ya kulala, uorodheshe shughuli za kesho moja moja: kodi, ada, gesi, kumpigia fundi. Kuna jaribio lililoonyesha kuwa walioandika orodha ya namna hii walipitiwa na usingizi mapema kwa dakika kama tisa kuliko walioandika mambo waliyokwishamaliza. Jambo likiwa kwenye karatasi, kichwa kinaacha kulikariri.

Joto. Anayeandika vitabu vya kulala vizuri hajawahi kulala chini ya bati mwezi wa pili Dar es Salaam. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili sharti lishuke, kama nyuzijoto moja hivi. Oga maji ya vuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, dakika 10 zatosha. Najua unayataka ya baridi. Ya baridi sana hubana mishipa ya ngozi na kulifungia joto ndani. Ya vuguvugu huivuta damu hadi viganjani na nyayoni, na joto linatokea huko. Chandarua cha duara hukugusa na kuzuia hewa, cha pembe nne kina nafasi. Feni ya kusimama iweke usawa wa godoro ipulize kwa ubavuni, kwa sababu ya dari mara nyingi hukipoza chandarua kuliko wewe. Ila usikivue chandarua kwa ajili ya upepo. Malaria haijawahi kumpa mtu mtazamo chanya.

Kafeini: mwili huchukua kama saa tano kuipunguza hadi nusu. Kopo la enaji la mililita 250 lina miligramu kama 80, kikombe cha chai ya rangi iliyokolea 40 hadi 50. Enaji ya saa kumi na moja jioni bado iko nusu saa nne usiku. Nakubali, shingo upande, kwamba kahawa ya barazani na kashata yake ina kikombe kidogo na mazungumzo makubwa, na wapo wanaoinywa saa mbili usiku na kukoroma saa tatu. Hao wakoroma, lakini usingizi wao ni mwepesi kuliko wanavyodhani.

Mwanga wa simu unasingiziwa kupita kiasi. Kinachokukesha ni kilichomo ndani: matokeo ya mechi, mkopo wa mtandaoni unaokudai, shangazi anayegombana kwenye kundi la ukoo. Chaji simu sebuleni na ununue saa ya kengele.

Bia hukulaza haraka na kukuamsha saa tisa. Ugali na nyama saa nne na nusu hupanda na kiungulia, acha nafasi ya saa mbili tatu. Kailula ya pwani, ule usingizi mfupi wa mchana, ni jambo jema, mradi iwe dakika 20 na kabla ya saa tisa alasiri. Ikifika saa nzima umeula usingizi wa usiku.

Kukabwa na jinamizi, kwa wanaokwenda kwa waganga: huja zaidi kwa mtu aliyekosa usingizi na anayelala kwa saa za ovyo, hasa akilala chali. Ubongo umeamka, misuli bado imelala. Jaribu kulala kwa ubavu wiki mbili kabla hujamtuhumu mama mkwe. Kukoroma nako tunakufanyia utani kama ishara ya usingizi mtamu. Mtu akikoroma, kisha akanyamaza sekunde 10 au zaidi bila pumzi, kisha akashtuka kama anayezama, na mchana anasinzia akiongea na wageni, huyo anakatika pumzi usiku. Apelekwe hospitali. Hali hiyo huongozana na shinikizo la damu, na hakuna tangawizi inayoitibu.

Na shule za bweni. Kengele saa kumi alfajiri, "prepu", halafu darasa, halafu prepu tena hadi saa tano usiku. Kijana wa umri wa balehe anahitaji saa nane hadi kumi, na saa yake ya mwili yenyewe imesogea mbele, hawezi kusinzia mapema hata akitaka. Tunampa saa tano. Kisha tunashangaa mtoto aliyekuwa mchangamfu darasa la saba amekuwa mkimya kidato cha pili, tunamletea mhamasishaji awahutubie ukumbini kuhusu kujiamini. Wanaoingiza miguu kwenye beseni la maji baridi ili wasome hadi usiku wa manane wanapoteza ule usingizi ambao ndani yake ubongo huhifadhi kilichosomwa. Wanasoma, na wanafuta. Shule ikiongeza saa moja na nusu tu ya kulala haitagharimu hata shilingi ya chaki.

Najua wapo wasio na uchaguzi. Mlinzi, muuguzi wa zamu, dereva wa lori. Hao wanahitaji pazia nene, miwani ya jua wakirudi nyumbani asubuhi, na majirani wenye huruma na spika zao. "Aliyelala usimwamshe" tuitumie hapo angalau mara moja bila ile sehemu ya pili ya utalala wewe. Na yupo mama wa kichanga, anayeamshwa mara nne usiku kisha mchana anaambiwa na baba mtu achague furaha. Kulala vipande vipande humchosha mtu kuliko kulala kidogo mfululizo, kwa hiyo anachohitaji ni saa nne au tano zisizokatwa. Maziwa yanaweza kukamuliwa mapema, na mtu mwingine akashika zamu ya kuanzia saa sita hadi saa kumi.

Baba mtu, kwa mfano. Saa nane na dakika kumi na saba yuko macho, tumeiona picha.